Ndoo za mtego hazikamati vyura

SWALI: Tumefukia ndoo kumi za lita 20 huku Chamwino kuhesabu vyura na mijusi. Wiki nzima tumepata mende na nge tu. Tumekosea wapi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Ndoo haimwiti mnyama, anayemleta ni uzio. Simamisheni nailoni nzito ya mita 50, kimo sentimita 50, huku sentimita 10 zaidi zikifukiwa, la sivyo mjusi atapenya chini. Ndoo ikae kila mita 5, mdomo usawa wa ardhi, uzio ukipita juu yake katikati. Toboeni matundu madogo kitakoni: bila hayo mvua huijaza na wanyama huzama, au udongo ukilowa huisukuma juu. Wekeni sponji mbichi na kipande cha gome cha kujifichia.

Kagueni alfajiri, kabla jua halijawakausha vyura. Siafu wakiingia, funikeni ndoo hiyo mara moja. Huacha mifupa tu. Msitie mkono ndani, tumieni koleo ndefu ya kubania.

Na wakati? Mkitega Septemba mtaambulia mijusi. Vyura wengi wa Dodoma hujificha ardhini hadi mvua za Desemba, kwa hiyo usiku wa mvua za kwanza tembeeni na tochi kandokando ya madimbwi, mkisikiliza milio. Nyoka wakubwa hutoka ndooni kirahisi, na vyura wa mitini hupanda ukuta wake. Hao watafuteni kwa macho.

Siku msiyokagua, fungeni vifuniko vyote.