Jibu: Kiti gani kwenye mchezo wa kesi ya mauaji, London

Salaam aleikum dada wa Malindi. Umeuliza ukate tiketi ya kiti gani kwenye ule mchezo wa kuigiza wa Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, uitwao Witness for the Prosecution, pale County Hall, na kama utaifuata kesi ilhali hujawahi kuona mahakama yenye juri.

Kwanza tazama ramani ya viti uone kama kiti chako kinazibwa na kitu. Ukumbi ule ulijengwa kwa vikao vya madiwani wa London, si kwa maigizo. Jengo lilifunguliwa 1922. Mimi nilikaa chini, karibu na kizimba, na sikujuta. Sisi wa Lamu tukiingia ndani ya Ngome ya Lamu, iliyokuwa jela hadi 1984, kuta zinakubana kabla mtu hajanena neno. Pale County Hall nilihisi vivyo hivyo.

Kuhusu juri: kule jaji haamui kama mtu ameua. Wanaoamua ni raia 12. Wazee wa baraza wetu, waliokaa na jaji kwenye kesi hadi wakaondolewa Kenya 2007, walitoa maoni tu. Ukishika hilo, utaelewa kwa nini mawakili wanawabembeleza wale 12 muda wote. Na enzi za kesi ile, aliyepatikana na hatia ya mauaji alihukumiwa kunyongwa, kwa hiyo kila swali lina uzito.

Viti vya juri, ambavyo watazamaji nao hukalia, sikuvikalia, siwezi kuvisemea. Shuka stesheni ya Waterloo, utembee kidogo tu. Na tafadhali dada, usikubali mtu akusimulie mwisho wa mchezo.