"Run" si kukimbia tu

Wiki hii mmeuliza: ni neno gani fupi la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote? Jibu langu ni "run". Zamani sifa hiyo ilikuwa ya "set", lililopewa maana 430 katika toleo la 1989 la kamusi kuu ya Oxford. Lakini mwaka 2011 iliripotiwa kwamba Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi hiyo, amemaliza kazi ya miezi tisa hivi juu ya "run" na kupata maana 645. Hapo ni kitenzi peke yake.

Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, na neno hili nalikuta kwenye madaftari kila muhula. Mtoto amekariri kwamba "run" ni kukimbia, basi. Mafua yakimtoka mtu, anaandika "pua inakimbia". Mama anayeendesha duka anaandikwa "anakimbia duka", yaani kalitoroka, kinyume kabisa cha kilichosemwa! Na bado kuna injini inayounguruma, kitenge kinachochuja rangi, sukari iliyoisha ("run out"), mtu anayegombea ubunge (ingawa hapo Waingereza husema "stand"; "run" ni ya Wamarekani).

Siwalaumu. Huwaambia wamfikirie mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa, halafu anatusikia tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura. Hapo wanaelewa mara moja.

Ila kinachonifurahisha kuliko vyote ni "kuendesha". Sisi tunaendesha duka, na mtoto akiharisha tunasema ana tumbo la kuendesha. Mwingereza naye duka lake ni "run", na kuharisha ni "the runs". Nilipoyaandika hayo ubaoni, msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Kwa hiyo mwalimu, 'run' siyo kukimbia, ni kwenda?"

Nilisimama na chaki mkononi. Saa inakwenda, maji yanakwenda, mashine inakwenda, na anayeendesha ndiye anayekifanya kitu kiende. Tangu siku ile somo langu linaanzia hapo: kwanza tuulizane nini kinakwenda na nani anakipeleka, ndipo tutafute neno la Kiswahili. Sukari iliyoisha ndiyo bado inatushinda.