Usichukue huo wa mita sita

Mkuu, rudisha hela mfukoni kwanza. Umeandika una mwembe na mparachichi nyuma ya nyumba, ngazi huitaki, na muuza duka amekwambia uchukue msumeno wenye mpini wa mita sita kwa kuwa "mrefu unafika kila mahali". Maneno hayohayo niliuziwa mimi, na mwembe aliopanda marehemu mama una kidonda mpaka leo.

Muuzaji aliyeniuzia mimi sidhani kama amewahi kupogoa hata mpera. Alinionyesha fito, yaani huo mpini wa kuvuta na kuingiza, ikiwa imeingizwa yote, imekaza, akasifia rangi na meno. Nilipofika nyumbani nikaivuta hadi mwisho, ncha ikawa inacheza yenyewe. Huo si msumeno tena, ni fimbo ya kuvulia samaki! Misumeno hii hukata pale unapovuta kuja kwako, ndiyo maana meno yake yanaelekea nyuma. Fito ikipinda, nguvu yako yote inaishia kwenye kupinda huko, meno yanaparuza gamba tu.

Tawi lenyewe lilikuwa nene kama paja. Msumeno ukazama nusu, ukabanwa. Nikavuta kwa nguvu, tawi likavunjika kabla halijakatika, likashuka na ukanda mrefu wa gamba la shina, likatua kwenye bati la jiko la jirani. Bati nililipa, yakaisha. Gamba unalilipaje? Masika yalipoingia, upande ule ukaanza kuoza, na sasa ukiugonga kwa kidole unasikia uwazi ndani.

Tawi zito hukatwa kidogo kwa chini kwanza, mbali na shina, ndipo ulikate kwa juu, mbele kidogo ya mkato ule, kuelekea ncha ya tawi. Likishaanguka unaondoa kisiki kilichobaki, ukiuacha ule uvimbe wa pale tawi linapotokea, maana hapo ndipo mti unapofungia jeraha lake. Sasa niambie, huo mkato wa chini utaupiga vipi kwa fito inayoyumba mita sita juu ya kichwa chako?

Kwa hiyo fanya hivi, na usimsikilize mtu. Palepale dukani vuta fito yote, funga viungo vyake, ishike kwa kitako, ilaze sambamba na sakafu, uitikise. Ncha ikiinama, au viungo vikigongana ndani, mrudishie. Akikukatalia kuivuta, toka nje. Fito ya mita tatu isiyopinda, ukijumlisha na kimo chako, inamaliza matawi mengi ya uani. Yaliyo juu zaidi, na yale manene, mwachie fundi wa miti mwenye kamba.

Waya wa umeme wa TANESCO ukipita karibu na matawi hayo, usiinue fito kabisa, waite wenyewe. Fito ya alumini inapitisha umeme moja kwa moja. Na usisimame chini ya tawi unalolikata. Vaa miwani, utomvu wa mwembe unaunguza.

Kabla hujalipa, mwambie mtu akupige picha umeishika hiyo fito ikiwa imevutwa yote, uiweke hapa. Nitaiangalia leo hiihii.