Dirii ya misuli ya Kirumi: tengeneza moja, uitendee haki

Kila Kwaresima vikundi vya maigizo ya kanisani huanza kunitafuta, na ombi huwa lile lile: askari wa Kirumi kumi au kumi na wawili wa Ijumaa Kuu, wote wavae ile dirii yenye kifua na tumbo vilivyochongwa misuli, rangi ya dhahabu. Jibu langu halibadiliki. Tengenezeni moja, mumvike Pilato. Mkiwa na nguvu ya kuongeza ya pili, mpeni akida, kwa sababu hadhira inapaswa kumtambua atakaposema neno lake pale msalabani. Wengine wavae kanzu fupi, mkanda na upanga. Fedha ambazo zingetawanyika kwenye vifua kumi vya karatasi vinavyobonyea zote ziingie kwenye kifua kimoja, ambacho hata aliyesimama nyuma kabisa ya uwanja atakiona na kuamini.

Historia iko upande wenu. Dirii ya misuli haikuwa sare ya kila askari. Ilianza kwa Wagiriki, na katika karne ya 5 KK mafundi wao walikuwa wakifua mabamba mawili ya shaba, la mbele na la mgongoni, yaliyofuata mwili wa mwanamume mwenye mazoezi. Warumi waliipokea, na enzi za makaisari tunaiona kwenye miili ya wakubwa: majemadari, maofisa wa juu, na Kaisari mwenyewe katika sanamu zake. Askari wa kawaida alivaa deraya ya pete za chuma au ya vipande vya chuma vilivyopangwa, na akiwa mjini kwenye lindo mara nyingi kanzu na mkanda vilimtosha. Pilato hakuwa askari wa lindo. Jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 linamtaja kama prefekti wa Yudea, mtawala mwenye jeshi chini yake. Vazi hili linamstahili.

Kabla hujanunua hata kilo moja ya jipsamu, kaa na picha. Wengi huanza na sanamu ya Augusto, Kaisari wa kwanza wa Roma, iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, ambayo sasa iko kwenye Makumbusho ya Vatikani. Ni mwalimu mzuri wa namna vazi linavyovaliwa, lakini kifuani pake pamejaa watu na miungu, katikati akiwepo Mparthi, mtu wa dola ya Parthia iliyokuwa hasimu wa Roma upande wa mashariki, anayerudisha bendera ya jeshi la Kirumi, tukio la mwaka 20 KK. Usiyaige hayo. Ni marumaru iliyochongwa ili kumtangaza mtawala. Ukitaka kujua dirii yenyewe ilivyojengwa, tafuta picha za zile za shaba zilizosalia, kama zilizoko British Museum. Hizo ni za Wagiriki na za watu wa kusini mwa Italia, nyingi za karne ya 4 KK, na nyingi hazina kilichochorwa kifuani. Zina mwili tu. Utaona bawaba ubavuni na mabegani, na pete ndogo kandokando ambazo mvaaji alipitishia kamba ili kukaza.

Sasa tuje kwenye misuli, maana hapa ndipo dirii nyingi ninazoletewa kurekebisha huwa zimeharibikia. Watu humtafuta kijana wa jimu mwenye kifua, wakachukua umbo lake kwa plasta, wakadhani kazi imeisha. Ikipakwa rangi na kupelekwa uwanjani, kwa hatua ishirini haionyeshi kitu. Misuli ya mtu hai, hata awe na nguvu vipi, ina miinuko midogo na mipaka inayofifia. Mwili ulio kwenye dirii ni mpango wa mchongaji. Mpango huo unaonekana wazi kwenye kazi ya Mgiriki Polykleitos, aliyeunda sanamu ya shaba ya Mbeba Mkuki karibu mwaka 440 KK. Sanamu ya asili imepotea, lakini nakala ya marumaru iliyotoka Pompeii iko makumbusho ya Napoli. Hata Augusto wa Prima Porta amesimama kwa mtindo wa Mbeba Mkuki. Chapisha picha ya kiwiliwili cha Mbeba Mkuki kwa ukubwa, uibandike ukutani mbele yako.

Tazama mambo manne. Misuli ya kifua ni mabamba mawili mapana, ukingo wake wa chini umekatwa wazi. Upinde wa mbavu ni wa mviringo kuliko wa mtu yeyote unayemfahamu. Mfereji wa katikati unashuka kutoka kifuani hadi kitovuni bila kusita. Halafu lile tuta la nyonga, linalotoka ubavuni na kuteremka kuelekea kinena, limenenepeshwa kupita maumbile. Ukilipata tuta hilo, dirii yako itasomeka kuwa ya kale hata kabla ya rangi. Ukilikosa, itaonekana fulana.

Umbo la mvaaji bado unalihitaji, ila kwa ajili ya saizi. Mvalishe fulana iliyozeeka, mfunge nailoni nyembamba juu yake, umzungushie bandeji za plasta zinazouzwa famasi. Fanya upande wa mbele kwanza, uuvue, kisha mgongo. Plasta hupata joto inapoganda, kwa hiyo matabaka yawe membamba, na kamwe usimmwagie mtu jipsamu nzito mwilini. Avute pumzi kubwa wakati inaganda, asije akabanwa siku ya igizo akiwa anasema kwa sauti. Unganisha pande mbili, jaza ndani ili zisibonyee, kisha anza kuongeza udongo wa mfinyanzi juu. Ongeza unene wa kama sentimita 2 kote kabla ya kuchonga msuli wowote, kwa sababu ndani ya dirii kutakuwa na vazi lenye pamba.

Urefu uamue hapa, sio mwishoni. Kulikuwa na aina mbili. Moja ni ndefu, ukingo wake unapanda kwenye nyonga na kushuka mbele kwa mviringo ukafunika tumbo la chini. Nyingine ni fupi, imekatwa kiunoni, na hiyo ilimfaa mpanda farasi, maana ndefu haimruhusu mtu kukunja nyonga. Pilato atakaa kwenye kiti cha hukumu na atanawa mikono akiinama. Kwa hiyo mkalishe mvaaji wako kwenye kiti, weka alama pale paja linapokutana na tumbo, na ukingo wa mbele usipite hapo. Matundu ya mikono nayo yawe mapana kuliko unavyofikiri. Mtu asiyeweza kunyoosha mkono mbele hawezi kuhukumu mtu.

Ukiwa unachonga, zima taa ya dari. Weka balbu moja upande mmoja, usawa wa kiuno, halafu tembea mpaka mwisho wa chumba ugeuke. Kivuli ndicho kitakachokuambia msuli upi umekufa. Kila unaoupenda kwa karibu na kuupoteza ukiwa mbali, uongezee kina. Mimi siendelei na hatua nyingine mpaka tumbo lisomeke kutoka mlangoni.

Udongo ukiwa tayari, upake mafuta au sabuni na utengeneze kalibu ya jipsamu juu yake. Hapa mafundi wa dari za jipsamu wana ujuzi ambao sisi wa maigizo tunaupuuza: wanachanganya nyuzi za katani ndani ya jipsamu ili isipasuke. Fanya hivyo hivyo. Kalibu ya kifua cha mtu mzima ni nzito, na bila katani itavunjika siku ya kwanza ya kuigeuza.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Ukiwa na bajeti ndogo, tumia karatasi. Mifuko ya saruji, ile karatasi ya kahawia ya ndani isiyo na vumbi, ina nguvu kuliko gazeti kwa mbali. Ichane vipande, ilowe kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo, ibandike ndani ya kalibu matabaka manane hadi kumi, kila tabaka likipita kinyume cha lililotangulia. Acha ikauke kila baada ya matabaka mawili au matatu, la sivyo kuvu itaota katikati na huwezi kuifikia. Kumbuka pia kwamba huku kwetu Pasaka huangukia masika. Paka vanishi nje na ndani. Ndani ndiko watu husahau, na jasho la mvaaji hulainisha karatasi kabla hata mvua haijanyesha.

Ukiweza, tumia ngozi. Hapo utahitaji kumimina jipsamu ndani ya kalibu ili upate kifua kigumu cha kukandamizia juu yake. Ngozi iwe ya milimita 4 hadi 5, na iwe imetengenezwa kwa magome ya miti, kama magome ya miwati inayolimwa Njombe. Ngozi ya kromi, yaani iliyotengenezwa kwa dawa ya kromi badala ya magome, ni laini na inafaa kwa mikoba na jaketi, lakini ukiilowesha na kuipa umbo, ikikauka inalegea na kurudi ilivyokuwa. Dukani kata ukingo uangalie katikati: ya kromi mara nyingi ina kijivu au buluu ndani, ya magome ni kahawia mpaka katikati.

Iloweshe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yaishe. Itoe, isubiri. Usianze ikiwa inachuruzika. Anza pale uso wake unapoanza kurudia rangi yake ya awali huku ndani bado pana ubaridi ukiugusa kwa shavu. Bonyeza kwa vidole gumba kuanzia mfereji wa katikati kwenda pembeni, kisha fuata mipaka ya misuli kwa kipande cha mti kilicholainishwa ncha. Rudia kila baada ya muda, maana ngozi hujaribu kunyanyuka kwenye mabonde. Kingo zishikilie kwa misumari, kwenye sehemu utakayokuja kukata. Fundi viatu mmoja mzee aliniwahi mkono hapo. “Mwanangu, ikiwa na maji chuma kisiiguse,” akachukua kipande cha ziada kilicholowa, akakipigilia msumari wa kawaida, tukaendelea na kazi. Baadaye alipoung'oa palikuwa na duara jeusi limezama ndani ya ngozi, kwa sababu chuma na dawa ya magome hugeuka wino. Tumia misumari ya shaba au isiyoshika kutu. Kausha kivulini, kwenye upepo. Jua huikunja.

Watafiti wanabishana kama Warumi walivaa dirii za misuli za ngozi. Kwa jukwaa hilo halinizuii. Ila kama nakala yako itakaa kwenye maonyesho ya shule, andika kwenye kibao chake kwamba ni ngozi iliyopakwa rangi ya shaba, wanafunzi wasidanganyike.

Shaba yenyewe ni kazi ya mfua chuma mzoefu. Bamba la milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 9 kwa mita mraba, huwa gumu kadiri linavyogongwa, na kila mara linapokuwa gumu lazima lichomwe likalainika ndipo liendelee. Kama huna mtu wa namna hiyo, usilijaribu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya Pasaka.

Zile kanda zinazoning'inia mabegani na mapajani usizishone kwenye dirii. Zinatoka kwenye vazi la ndani, na hiyo ndiyo siri ya mwendo wake: dirii inatulia, kanda zinacheza. Shona fulana nene ya turubai isiyo na mikono, itie pamba mabegani, kisha shonea kanda safu mbili chini na safu mbili fupi kila bega, za juu zikifunika mianya ya zile za chini. Weka matamvua kwenye ncha. Kwenye ukingo wa dirii wenyewe ongeza vile vipande vidogo vya duara nusu vinavyoonekana kwenye sanamu. Mkanda wa kitambaa uliofungwa fundo mbele ya tumbo ni alama ya mkuu wa jeshi, kwa hiyo usimpe akida.

Rangi watu huikosea kwa kupaka kahawia na kijani. Kijani ni cha miaka elfu mbili ardhini. Shaba ya mtawala ilisuguliwa, iking'aa kwa njano ya joto. Paka nyeusi kwanza, kisha sugua rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu ili ikamate miinuko tu na mabonde yabaki na kivuli.

Mpe mvaaji aizoee mapema, atembee nayo, apande ngazi, akae, apige goti. Ubavu ukikwaruza, panua tundu la mkono kidogo kidogo kwa msasa. Baada ya igizo ifute jasho ndani na uitundike kwenye hanga pana. Ukiilaza, uzito wake utabonyeza kifua. Kalibu nayo iache ikauke kabisa, uifunge kwenye gunia na uiweke juu ya mbao mbali na sakafu yenye unyevu. Mwakani mkitaka dirii ya akida, mtaanzia kwenye kulowesha ngozi.