Nina malaria, si "niko na malaria"

Msomaji wa Kondele, Kisumu, ameuliza: "Mwalimu, niko na swali. Hili neno malaria ambalo Waingereza wanalitumia hata kwenye vitabu vya sayansi, asili yake ni wapi?"

Asili yake ni Kiitaliano, mal'aria, yaani hewa mbaya. Watu wa Roma waliona homa ikizidi majira ya joto kandokando ya vinamasi, wakailaumu harufu ya maji yaliyooza. Mwaka 1740 Mwingereza Horace Walpole alilitaja katika barua aliyoandika akiwa Roma. Daktari Mfaransa Laveran alikiona kimelea cha ugonjwa huo ndani ya damu mwaka 1880, daktari Mwingereza Ross akakikuta ndani ya mbu mwaka 1897. Hewa ikafutiwa lawama, jina likabaki.

Sasa nije kwenye kilichoniwasha: "niko na swali." Hiyo -ko ni ya mahali. Niko Ahero, yuko shambani. Kumiliki ni nina, una, ana. Mfikirie mama aliyefika dirishani pa zahanati akasema, "Niko na mtoto anaharisha." Muuguzi ashike lipi? Mtoto yumo mgongoni, au ameachwa Nyalenda kwa nyanyake? Akisema "nina mtoto anayeharisha," ametaja mtoto wake, popote alipo. Akisema "niko naye hapa," muuguzi anajua amtafutie kitanda. Tena linganisha: "nina daktari" ni kusema yupo anayenitibu, "niko na daktari" ni kusema tumo chumbani naye, subirini nje. Tofauti hiyo ni mali ya lugha yetu, nasi tunaitupa bure! Ukiniambia "niko na malaria," umeifanya malaria abiria mwenzako mliyebanana kiti kimoja ndani ya matatu.

Watetezi hunijibu kwamba Kenya nzima inasema hivyo. Basi mbona wengi wao, mfuko ukikauka, husema "sina pesa"? Ukanushi wanaujua vizuri. Wanachokwepa ni kuyakinisha kwake, yaani "nina."

Sokoni Kibuye nimeacha kubishana. Mama akiniita, "Niko na omena safi," nanunua, na kwa kweli hajakosea sana, maana omena wake yuko naye pale mezani. Lakini insha ya mwanafunzi, tangazo la kaunti na taarifa ya habari redioni, hizo sitazisamehe. Nitazipiga kalamu nyekundu kila nikizikuta.