Maswali ya Wasomaji: "Lazima" katika Kiesperanto

Swali: Nikitaka kusema "lazima niende" huandika *mi devas mi iru*, na kila mara nasahihishwa. Kosa liko wapi?

Jibu: Umeihamisha "niende" nzima nzima. *Devas* tayari ina mtendaji wake, *mi*, kwa hiyo kitenzi kinachofuata huishia na *-i* tu, kama "kwenda" yetu: *mi devas iri*. Wakati hubebwa na *devi* peke yake: *mi devis iri*, ilinibidi niende, *mi devos iri*, itanibidi, *mi devus iri*, ningepaswa kwenda.

"Niende" yako ina mahali pake, baada ya *necesas, ke*: *Necesas, ke mi iru.* Hiyo *-u* hufanya kazi ya *-e* yetu, na hapa Mswahili ana bahati kubwa. *Ĉu mi fermu la pordon?* Nifunge mlango? *Ni iru*, twende. *Li ne venu*, asije. Ila usisahau kutaja mtendaji, maana kitenzi cha Kiesperanto hakibebi nafsi: *iru* ikisimama peke yake ni amri, "nenda!"

Swali: *Vi ne devas veni* ni "usije" au "si lazima uje"?

Jibu: Wapo wanaoielewa hivi na wapo wanaoielewa vile, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukimwandikia mgeni hivyo, anaweza kubaki kwao akidhani amekatazwa. Tunakushauri uiepuke kabisa. Kama hakuna ulazima, andika *vi ne bezonas veni* au *ne necesas, ke vi venu*. Kama ni katazo, *vi ne rajtas veni*, yaani huna ruhusa. Au sogeza *ne* ikae baada ya kitenzi: *vi devas ne veni*, lazima usije.

Swali: *Legenda*, *leginda* na *legebla* zinatofautianaje?

Jibu: *Legenda libro* ni kitabu ambacho lazima kisomwe, *leginda* kinastahili kusomwa, *legebla* kinasomeka. Mwalimu akiandika *legenda* kwenye orodha ya vitabu, hajakupa hiari.

Swali: Naweza kutumia *devi* kwa deni?

Jibu: Hapana. Kosa hili huwanasa zaidi waliosoma Kifaransa, kama wenzetu wa Kongo na Burundi, kwa kuwa *devoir* hubeba maana zote mbili. Deni ni *ŝuldi*: *mi ŝuldas al vi mil ŝilingojn*, unanidai shilingi elfu moja.