Picha ya mteja, mninga wa fundi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi samani hapa Keko. Mteja mmoja wa Mbezi alinitumia WhatsApp picha ya kitanda cha kahawia iliyokolea, chenye kichwa kirefu cha sponji. Akasema anataka cha mninga, sita kwa sita, kiwe tayari Jumamosi kwa kuwa ana mgeni. Nikamjibu hakuna tatizo. Tukapatana 850,000, akatanguliza 400,000. Nilipompelekea akakikataa: eti rangi imepauka, kichwa ni mbao tupu, na hela ya kirikuu, kigari cha mizigo kilichokibeba, hatoi. Sasa anadai advansi yake, nami nimeshainunulia mbao. Nani ana haki?
Fundi, Keko

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeuza samani hapo hapo Keko miaka mingi, na barua yako imeniuma, kwa sababu kitanda chenyewe huenda ni kizuri kabisa.

Tuanze na rangi. Mninga hauna rangi moja. Gogo hili hutoa mbao za kimanjano, lile zinaelekea wekundu, na ubao mmoja tu unaweza kuwa na mistari ya kila namna. Kahawia ya pichani yaelekea ni ya kupakwa, na mti ulio chini yake hatuujui. Mama wa Mbezi atayajuaje hayo? Mwenye kuyajua ni wewe, na ulipaswa kusema siku ile ile picha ilipoingia kwenye simu yako: “Mama, mninga kwa vanishi ya kawaida hautoki hivi. Ukitaka hivi nitaupaka rangi, ila mistari yake itafichika.” Angechagua mwenyewe.

Kichwa cha sponji ndipo ulipomkosea hasa. Naiona hesabu yako: bei ile ni ya mbao na ufundi, haina sponji, leza ya kuifunika wala mshonaji. Lakini yeye alikuonyesha picha, ukakubali, akatoa hela. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na kwangu mimi picha uliyoipokea bila kuipinga ni sehemu ya maelezo. Usiende kumwambia ilikuwa ya mfano tu.

Naye hana haki yote. Alipatana bei bila kuuliza ndani yake mna nini, kisha akakubana kwa siku. Mbao mbichi hupangwa kivulini, vijiti katikati, upepo upite mpaka zikauke. Dar ina unyevu wa bahari. Ukiunga mbao mbichi, baadaye maungio yanaachia, na lawama zinatuangukia Keko nzima. Hili linanikera sana. Mteja anataka haraka, ubora na punguzo katika oda moja, nasi tunaitikia kwa kuogopa asihamie kibanda cha jirani. Asiyeweza kusubiri ubao ukauke, mwache aende kwa jirani.

Kirikuu gawaneni nusu kwa nusu, maana hakuna aliyekitaja.

Advansi usiirudishe kwanza, wala kitanda usimuuzie mtu mwingine. Mpigie, umwombe radhi kwa kile kichwa, umwambie utakiwekea sponji: ufundi juu yako, vifaa mchangie. Akigoma kabisa, kiuze, umrudishie hela yake; jina lako Keko lina thamani kuliko hizo mbao. Akikubali, usiguse brashi bado. Chukua vipande vitatu vya mninga ule ule vilivyobaki, kimoja vanishi tupu, viwili rangi tofauti, umpelekee Mbezi mchana avitazame dirishani kwake, si kwenye simu. Atakachochagua akisaini nyuma kwa kalamu, na chini yake muandike salio, siku ya kumaliza, na nani analipa gari.